Visanduku Tisa

Jarida la barua pepe, yaani chapisho fupi linalotumwa kwa vipindi maalumu kwa msomaji aliyeomba kutumiwa, linahitaji kitu kimoja tu ili limfikie msomaji huyo, nacho ni anwani yake ya barua pepe. Chochote kinachoulizwa zaidi ya hapo kwenye fomu ya kujisajili, kiwe jina, simu, umri, mkoa au kazi, kimewekwa na mwenye jarida kwa hiari yake, na kwa hiyo kinadai sababu ambayo anaweza kuitamka mbele ya msomaji bila kuona haya. Kumbukumbu hizi zinahusu fomu moja ya namna hiyo, iliyoundwa jijini Dar es Salaam mwaka 2018 ikiwa na visanduku tisa vya kujaza, na jinsi visanduku hivyo vilivyopungua hadi vikabaki viwili. Dai linalotetewa humu ni kwamba swali la kwenye fomu halipimwi kwa faida ambayo jibu lake huenda likaleta siku moja, bali kwa kazi ambayo jibu hilo litafanya siku toleo linapotumwa. Kwa maana jibu lisilo na kazi huoza, na likishaoza humdhuru aliyelitoa kabla ya kumdhuru aliyelipokea.

Jarida lenyewe lilikuwa la kikundi kidogo cha wasomaji wa vitabu vya Kiswahili, na lilitoka mara moja kwa mwezi likiwa na habari za vitabu vipya, uhakiki mfupi na ratiba ya mikutano ya usomaji. Mwandishi wa kumbukumbu hizi ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa fomu, na kama ilivyo kawaida ya kazi zinazotoka kwenye kamati, hakuanza na karatasi tupu, bali alianza na fomu ya zamani ya uanachama, ile ya kujazwa kwa kalamu na kubandikwa picha ya pasipoti, ambayo nayo ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye fomu ya chama cha akiba na mikopo. Kamati ilipoketi kuijadili, kila mjumbe alikuwa na lake la kuongeza. Mweka hazina alitaka namba ya simu, kwa kuwa huenda siku moja kikundi kikachangisha. Katibu alitaka tarehe ya kuzaliwa, ili wasomaji wapelekewe salamu. Mwingine alitaka kiwango cha elimu, na alipoulizwa kitatumika vipi alijibu kwamba fomu zote huwa nacho. Hakuna aliyepinga, maana kuongeza kisanduku ni kazi ya dakika moja, na gharama yake haimwangukii aliyekiongeza. Maneno yaliyopitisha kila pendekezo yalikuwa yale yale: tuweke tu, huenda tukahitaji. Hivyo ikapatikana fomu iliyouliza jina la kwanza, jina la ukoo, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, anwani ya barua pepe, mkoa, kazi na kiwango cha elimu, na pembeni mwa kila kisanduku pakawekwa kile kinyota chekundu kinachomwambia mjazaji kwamba asipojibu hapo hataruhusiwa kuendelea.

Mazoea hayo ya kuuliza kwanza na kufikiri baadaye hayakuzaliwa na intaneti. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi anaijua meza ya mlinzi getini, yenye daftari lililopigwa safu kwa rula na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiondoke na mgeni: tarehe, jina, atokako, anayemfuata, namba ya simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Anayelifunua daftari hilo kwa utulivu ataona kwamba safu ya atokako imejaa alama za kurudia zinazoshuka ukurasa mzima kutoka kwa mgeni wa kwanza aliyeandika "mjini", kwamba safu ya saa ya kutoka iko tupu kwa sababu hakuna anayesimamishwa akiwa anaondoka, na kwamba namba kadhaa za simu zina tarakimu tisa badala ya kumi, au zinaishia na mkwaju unaoweza kusomwa kuwa 1 au 7 kwa kadiri ya moyo wa msomaji. Mlinzi hazipigi namba hizo, mgeni anajua kwamba hazipigwi, na wote wawili wanatimiza wajibu wao kwa maelewano ya kimya. Wakati huohuo yeyote anayefuata kwenye foleni anaweza kusoma, na hata kupiga picha, namba za wote waliomtangulia, wakiwamo wachache walioandika namba zao za kweli. Daftari la getini, kwa hiyo, humsitiri aliyelidanganya na kumwanika aliyelitendea haki, na huko ndiko kuoza kunakosemwa humu.

Fomu ya visanduku tisa ilianza kuoza kwenye majina, mahali ambapo mwandishi alidhani hapana tatizo kabisa. Mgawanyo wa jina la kwanza na jina la ukoo umetoka kwenye jamii ambazo familia nzima hubeba jina moja linalorithiwa, na programu nyingi za kutengenezea fomu huja nao ukiwa tayari, kana kwamba ni umbile la jina la binadamu. Kwa watu wengi wa Zanzibar na mwambao, hata hivyo, jina kamili ni la mtu mwenyewe, likifuatiwa na la baba yake, kisha la babu yake, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo la ukoo kwa maana inayokusudiwa na fomu. Na huko Rwanda na Burundi, kwa desturi, ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina lolote, kwa kuwa kila mtoto hupewa lake. Mtu wa namna hiyo akikutana na kisanduku cha lazima kisicho na jibu, hutafuta cha kukilisha: wengine waliandika jina la baba, wengine la babu, wengine walirudia jina lao wenyewe, na wapo walioweka nukta moja tu, ambayo kompyuta iliipokea kwa heshima zote.

Matokeo yake yalionekana kwenye salamu. Programu ya kutuma barua kwa mkupuo ilikuwa imeelekezwa ifungue kila toleo kwa neno "Habari" likifuatiwa na neno la kwanza la kisanduku cha kwanza, na kwa kuwa watu wazima wengi wa Kiswahili hawaandiki majina yao wazi bila kuyavika heshima, toleo la kwanza lilikwenda kwa "Habari Mwl.", kwa "Habari Alhaji", kwa "Habari Bi." na kwa "Habari Dkt." mmoja aliyejibu papo hapo kuuliza kama jina lake limekwisha wino. Msomaji mmoja alikuwa amejiandikisha kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo ada, hivyo kompyuta ikamsalimu "Habari Mama", na kwa bahati hiyo ikawa salamu pekee iliyokaa sawasawa katika orodha nzima. Kuhusu suala hili ipo hekima ya waliotangulia ambayo mwandishi aliifikia akiwa amekwisha kuchelewa: mwongozo wa huduma za kidijitali za serikali ya Uingereza unapendelea kisanduku kimoja cha jina zima badala ya viwili au vitatu, na mtaalamu wa kompyuta Patrick McKenzie aliandika mwaka 2010 orodha ndefu ya dhana potofu ambazo watengenezaji wa programu huwa nazo kuhusu majina, ikiwamo dhana kwamba kila mtu ana jina la ukoo analoshiriki na jamaa zake. Lakini suluhisho la kweli kwa jarida lile lilikuwa jepesi zaidi, nalo ni kuacha kumwita msomaji kwa jina. Hapakuwa na msomaji aliyelalamika kwamba amesalimiwa "Ndugu msomaji".

Kisanduku kisicho na maana kwa mjazaji kinaweza pia kumpotosha hata pale anapokuwa na nia njema kabisa. Mfano unaotajwa sana na wataalamu wa fomu ni wa Expedia, kampuni ya Marekani inayouza safari mtandaoni, ambayo iligundua kwamba wateja wengi walikuwa wakibofya kitufe cha kununua na malipo yao yakikataliwa. Chini ya nafasi ya jina palikuwa na kisanduku cha hiari kilichoandikwa "Kampuni". Baadhi ya wateja walidhani wanaulizwa kampuni iliyowapa kadi ya malipo, wakaandika jina la benki, kisha kwenye nafasi ya anwani wakaandika anwani ya benki, na mfumo wa kuhakiki kadi ulipolinganisha anwani hiyo na ya mteja ukaikataa. Kampuni ilieleza kwamba kuondolewa kwa kisanduku hicho kimoja, ambacho hakikuwa hata na kinyota, kulileta faida ya takriban dola milioni 12 kwa mwaka. Kikundi cha wasomaji hakikuwa na dola za kupoteza, ila kisa hicho kinaonyesha kwamba neno "hiari" haliponyi swali baya.

Ipo sababu nyingine, ya ndani zaidi, inayofanya majibu ya fomu yasiaminike, na Mswahili anaijua tangu utotoni ingawa mara chache huihusisha na kompyuta. Salamu za Kiswahili ni msururu wa maswali: habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, na kila swali lina jibu lake lililokwisha kuandaliwa, kwamba ni nzuri, ni njema, ni salama. Mtu aliyelala na homa hujibu "nzuri" kwanza, na wala hasemwi kuwa ni mwongo, kwa sababu mlangoni swali halitafuti habari bali linafungua njia. Habari yenyewe huja baadaye, mgeni akishaketi na kupewa maji, kwa maneno yanayoanza na "ila" au "isipokuwa": nzuri, ila mtoto anasumbuliwa na kifua, njema, isipokuwa mvua zimegoma. Fomu ya kujisajili huuliza yote mlangoni. Humtaka mtu asiyejua hata kama jarida litampendeza ataje umri, kazi na elimu yake akiwa bado amesimama kizingitini, na kwa adabu zake za kawaida mtu huyo huijibu kama anavyojibu salamu, yaani huipa lile jibu litakalofungua njia. Ndiyo sababu safu ya kazi ilijaa neno "mjasiriamali", ambalo siku hizi humsitiri mwenye kiwanda na asiye na kazi kwa usawa, na safu ya tarehe ya kuzaliwa ikajaa tarehe 1 Januari. Katibu alituma salamu za kuzaliwa mara moja tu, tarehe 1 Januari 2019, kwa kundi kubwa la watu ambao wengi wao, bila shaka, hawakuzaliwa siku hiyo. Baada ya hapo hakutuma tena.

Lakini majina na tarehe za kuzaliwa ni mambo ya kuchekesha yakilinganishwa na namba ya simu. Wataalamu wengi wanaotoa ushauri kuhusu fomu huandika wakiwa Ulaya au Marekani, ambako namba ya simu ni kero ya kupigiwa na wauzaji. Afrika Mashariki namba hiyo ni kitu kizito zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, namba ya simu ya mtu imekuwa pia akaunti yake ya fedha, na anayeanza kutuma fedha kwenda kwenye namba fulani huweza kuonyeshwa jina lililosajiliwa kabla hajathibitisha. Aliyeipata namba, kwa hiyo, ameshapata na jina, hata kama mwenye jina alijificha nyuma ya nukta. Katika Tanzania usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, uliifunga namba ya simu na kitambulisho cha taifa, na namba ya kitambulisho hicho, yenye tarakimu 20, huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amependekeza kwamba nayo iulizwe, na pendekezo lake lilianguka si kwa hoja yoyote ya faragha bali kwa sababu hakuna mjumbe hata mmoja aliyekumbuka yake kwa moyo. Kuna maamuzi mema ambayo hutokana na uvivu, na hayafai kudharauliwa.

Oktoba 2021 mwandishi, akiharakisha kutuma toleo kabla umeme haujakatika, aliambatisha faili lisilo lenyewe. Mafaili mawili yalikuwa yamekaa jirani kwenye folda moja, moja likiitwa "jarida_oktoba" na jingine "jarida_orodha", na lililokwenda kwa wasomaji wote lilikuwa la pili: jedwali la safu tisa, lenye kila jina, kila umri na kila namba ya simu iliyowahi kujazwa tangu mwanzo. Barua pepe ikishatoka haina pa kurudishiwa. Barua ya kuomba radhi, iliyowasihi wapokeaji walifute faili hilo, ilitumwa saa moja baadaye, na kama wajuavyo waliowahi kufikwa na mkasa wa aina hiyo, iliwafanya hata wale ambao hawakuwa wamelifungua walifungue. Wiki mbili zilipita kwa ukimya, kisha msomaji mmoja wa kike akaandika kwamba amekuwa akipigiwa simu usiku na wanaume asiowajua, wanaomsalimu kwa jina lake kamili na kutaja umri wake. Hakutukana, wala hakudai chochote. Alitaka kujua namba yake ya simu ilikuwa imetakiwa kwa ajili ya nini.

Swali hilo lilipelekwa kwenye kamati, na kamati ikapekua kumbukumbu za vikao vya miaka mitatu ili kupata jibu la kumwandikia. Hapakuwa na simu hata moja iliyopigwa kwa kutumia orodha ile, wala ujumbe mfupi uliotumwa, wala mchango uliochangishwa. Safu ya namba za simu ilikuwa haijafanya kazi yoyote tangu kuzaliwa kwake, isipokuwa hiyo moja iliyoifanya Oktoba. Mwandishi amejaribu mara nyingi kulipunguza kosa lile kwa kulihamishia kwenye majina ya mafaili, au kwenye umeme, au kwenye programu iliyokubali kuambatisha chochote, na kila mara hujikuta amerudi palepale. Kuteleza kwa mkono ni jambo litakalotokea katika kazi yoyote inayofanywa na binadamu. Kilichoamua ukubwa wa madhara ni kile kilichokuwa kimehifadhiwa siku mkono ulipoteleza, na hicho kiliamuliwa mwaka 2018, mchana kweupe, bila haraka, na watu watano waliokunywa chai wakiongeza visanduku.

Sheria za eneo hili zimekuja kusema jambo hilohilo kwa lugha yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inamlinda mtu dhidi ya kutakiwa kutoa taarifa za familia yake au mambo yake ya faragha pasipo sababu ya lazima, na uzito wa ibara hiyo uko kwenye neno kutakiwa: kosa linaweza kuanza pale swali linapoulizwa, hata kabla jibu halijavuja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, zote zinataka taarifa zinazokusanywa zitoshe kwa lengo lililotajwa na zisizidi lengo hilo. Kanuni hii ndiyo iliyomo pia katika sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ambayo inaweza kumgusa mwandaaji wa jarida wa Dar es Salaam pale anapolielekeza kwa wasomaji walioko Ujerumani au Uholanzi. Katika Kiswahili cha sheria ya Tanzania, anayeamua taarifa zipi zichukuliwe na kwa lengo gani huitwa mkusanyaji, anayezishughulikia kwa niaba yake huitwa mchakataji, na hao wote hutakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kikundi cha wasomaji wa vitabu hakikuwahi kujiona kuwa mkusanyaji wa kitu chochote isipokuwa ada.

Chombo kilichosaidia zaidi wakati wa kuitengeneza upya fomu ile kilitoka kwa Caroline Jarrett, mtaalamu wa fomu wa Uingereza, ambaye huwashauri watu kuandaa kile kinachoweza kuitwa daftari la maswali: karatasi ambayo kila swali la fomu huandikwa na mbele yake hutajwa nani ndani ya taasisi atalitumia jibu, atalitumia kwa kazi gani, kama jibu ni la lazima au la hiari, na litatokea nini iwapo mtu atajibu uongo. Mwandishi alichora jedwali hilo kwenye karatasi ya bango na kulitundika ukutani siku ya kikao, akaweka sharti moja la nyongeza, kwamba mtumiaji wa jibu atajwe kwa jina na awe amekaa chumbani. Kiwango cha elimu kilianguka kwanza, kwa kuwa aliyekipendekeza alikuwa amekwisha kuhamia Dodoma. Tarehe ya kuzaliwa ikafuata, na katibu hakuitetea. Namba ya simu iliondoka bila kujadiliwa. Majina mawili yaliondoka kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, na jinsi na kazi zikaondoka kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzisoma safu zake.

Mkoa ulibaki, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu makosa ya upande wa pili nayo yapo. Wapo wanaofundisha kwamba fomu bora ni ile yenye kisanduku kimoja tu, na fundisho hilo ni sahihi kwa majarida ambayo kila msomaji hupokea kitu kilekile. Jarida lile lilikuwa na nusu ya ukurasa ya mikutano ya usomaji, na wasomaji wa Mwanza na Mtwara walikuwa wamechoka kualikwa kila mwezi kwenye mikutano ya Kinondoni Jumamosi saa nane mchana. Aliyepanga mikutano alikuwepo kikaoni, akasimama akasema kwamba jibu la mkoa atalitumia kila tarehe 25 kutenganisha mialiko, na kwamba mtu akiandika mkoa wa uongo atakachopata ni mwaliko wa mbali. Hilo lilikuwa swali lenye mwajiri. Pembeni mwake pakaandikwa sentensi moja ya kueleza kwa nini linaulizwa, na kinyota chekundu kikaondolewa; tangu hapo safu ya mkoa imekuwa safi kuliko ilivyokuwa pale jibu lilipokuwa la lazima.

Kupunguza visanduku kulileta shida zake. Fomu fupi huwa rahisi pia kwa roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zikijaza kila fomu zinayoikuta, na katika wiki chache orodha ikaingiwa na anwani za ajabu kutoka pembe zote za dunia. Dawa yake haikuwa kurudisha maswali, bali kutuma kwa kila anayejisajili barua moja yenye kiungo cha kubofya ili athibitishe kwamba kweli aliomba; utaratibu huu wa hatua mbili umezoeleka sana Ujerumani, ambako mtumaji ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa idhini. Ulisaidia pia kugundua jambo la hapa nyumbani, kwamba watu wengi wana anwani ya barua pepe waliyofunguliwa na muuza simu siku waliponunua simu janja, hawajui nywila yake wala hawajawahi kuisoma. Hao hawakuthibitisha, na idadi ya wasomaji ikashuka kwa kiasi kilichomkera mweka hazina, ingawa kilichopotea kilikuwa ni anwani na si wasomaji.

Ugumu halisi ulikuja na mfadhili, ambaye alikubali kuchangia gharama za mikutano kwa sharti kwamba kila nusu mwaka aletewe mchanganuo wa wasomaji kwa jinsi na kwa rika. Wafadhili wana haki ya kujua fedha zao zinamfikia nani, na kwa kikundi chenye madeni ya ukumbi sharti hilo halikuwa la kupuuzwa. Mjumbe mmoja alikwisha kufungua kompyuta ili avirudishe visanduku. Makubaliano yaliyofikiwa, baada ya barua kadhaa, yalikuwa kwamba mara moja kwa mwaka wasomaji waletewe dodoso, yaani orodha ya maswali ya utafiti, lisilouliza jina wala anwani, ambalo yeyote anaweza kulijibu au kuliacha, na takwimu zake zipelekwe kwa mfadhili zikiwa zimejumlishwa. Walioitikia hawakuwa wote. Lakini wale walioitikia walikuwa watu waliokwisha kuketi na kupewa maji, na majibu yao yalikuwa marefu, yamejaa "ila" na "isipokuwa", na mengine yalipita maswali yenyewe na kueleza mambo ambayo hakuna kamati ingethubutu kuyauliza.

Baada ya sheria ya Tanzania kuanza kutumika mwaka 2023, orodha ya zamani ilifutwa safu kwa safu, na mwandishi ndiye aliyepewa kazi hiyo. Aliamua kuisoma kila safu kwa mara ya mwisho kabla ya kuifuta, jambo ambalo kwa safu kadhaa lilikuwa pia ni mara ya kwanza. Katika safu ya kazi, chini ya wajasiriamali wengi, alikuta mstari uliojazwa Machi 2020 na mtu wa Tanga, ulioandikwa kwa herufi ndogo bila nukta: fundi cherehani, ila mashine imeibiwa, nikipata nyingine nitawaambia. Alijaribu kumwandikia. Barua ilirudi baada ya dakika moja, ikiwa na ujumbe wa kompyuta kwamba anwani hiyo haipo.